Goroli na vichwa vya risasi vinatoka na makunyanzi: je, niongeze bati, niongeze antimoni, au tatizo liko kwenye kalibu?

Gumegume_wa_Pennsylvania

Wakuu, habari za wakati huu.

Naishi Pennsylvania, jimbo ambalo baada ya Krismasi huwa na msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume pekee. Nina leseni ya uwindaji na, kama walivyo wengi wanaotumia bunduki za aina hii, nasubu mwenyewe goroli zake kutokana na madini ya risasi. Mtutu una upana wa nusu inchi na goroli ina kipenyo cha inchi 0.490, kwa sababu huzungushiwa kitambaa kilichopakwa mafuta kabla ya kushindiliwa kwa mdeki. Nina pia bunduki ya kulengea shabaha ya .45-70 (hiyo ni saizi ya risasi yake), ambayo vichwa vyake virefu navisubu kwa kalibu nyingine ya alumini.

Shida yangu ni hii. Nikiyeyusha mabomba ya zamani ya maji, goroli zinazotoka ni laini kiasi kwamba ukucha huziachia alama, lakini zina makunyanzi upande mmoja, utadhani madini yaliganda kabla ya kukutana. Nilipochanganya na vile vipande vya kubalansi magurudumu nilivyopewa gereji, makunyanzi yalipungua, ila goroli zikawa hazishuki mtutuni bila kulazimishwa. Mchanganyiko huohuo nikiutia kwenye kalibu ya vichwa virefu, kingo za kitako hutoka zimeviringika badala ya kuwa kali, na uzito wa kichwa kimoja na kingine haulingani.

Nimepewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Mmoja anasema niongeze bati, mwingine anasema bati ni kupoteza fedha na kinachotakiwa ni antimoni. Naomba mwenye kuelewa anieleze kila metali inafanya kazi gani ndani ya chungu, na kama kweli mchanganyiko mmoja unaweza kufaa bunduki zote mbili.

Fundi_Kalibu

Ndugu Gumegume, washauri wako wote wawili wamesema ukweli nusu, kwa sababu wamechanganya mambo mawili yasiyotegemeana. Jambo la kwanza ni madini kuijaza kalibu hadi kwenye pembe zake, na jambo la pili ni ugumu wa kichwa baada ya kuganda. Bati linahusika zaidi na jambo la kwanza, antimoni inahusika zaidi na la pili, na joto la kalibu linahusika na la kwanza kuliko metali yoyote utakayoiongeza.

Naanza na joto. Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na huganda kwenye nyuzi hizohizo bila kupitia hali ya kati. Ukiimimina katika kalibu iliyopoa, tabaka linalogusa ukuta huganda mara moja, mkondo unaofuata hulipanda juu, na hapo ndipo makunyanzi yanapotokea. Kwa risasi tupu, madini chunguni yawe kati ya nyuzi 400 na 430, na kona ya kalibu ichovywe juu ya madini yaliyoyeyuka mpaka yasigande tena juu yake. Tazama pia ile risasi ya ziada inayobaki juu ya bamba la kukatia, lililo juu ya kalibu: ikiganda papo hapo, kalibu bado ni baridi, ikichukua sekunde nne hadi sita kisha ikabadilika rangi ghafla, umefika mahali pazuri. Kama goroli za mwanzo zina makunyanzi na za baadaye hazina, huhitaji metali yoyote mpya. Kama makunyanzi hayaishi hata kalibu ikipata moto, ioshe kwa asetoni, kwa sababu mafuta ya kuzuia kutu yaliyobaki ndani yake huleta dalili ileile.

Sasa bati. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 na likiingia katika risasi hupunguza ule utando wa oksidi unaojitengeneza juu ya mkondo wa madini unapomiminika. Utando ukipungua, madini hayajikunji wala hayajivuti kuwa duara. Huingia katika kila mfuo wa kalibu na kuacha kitako chenye kingo kali. Faida hii huonekana ukiwa na asilimia moja tu ya bati, na ukipita asilimia mbili unaongeza gharama zaidi ya unachopata, kwa kuwa bati ni ghali mara kadhaa kuliko risasi. Vilevile, ukipandisha joto sana kupita nyuzi 400, bati lenyewe huungua upesi, na kinga uliyoinunua hupanda juu kama taka. Watu wengi huiona ile ngozi ya kijivu, wakaichota kwa upawa na kuitupa, kumbe wanatupa bati lao. Tia unga mkavu wa mbao au kipande kidogo cha nta, koroga ukikwangua kuta za chungu, na sehemu kubwa ya oksidi hiyo itarudi kuwa metali. Kitakachobaki kikiwa unga mweusi ndicho cha kuchota.

Bati kwa kawaida hupatikana katika waya wa lehemu. Soma kibandiko chake kabla ya kupiga hesabu. Lehemu ya zamani ya sitini kwa arobaini ina asilimia 60 ya bati, kwa hiyo kilo 10 za risasi tupu zinahitaji takriban gramu 345 za lehemu hiyo kufikia asilimia mbili. Ile isiyo na risasi yenye bati asilimia 95 na antimoni asilimia 5 itatosha kwa takriban gramu 215.

Antimoni ni habari nyingine. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 630, lakini huyeyuka ndani ya risasi chini ya hapo, na hutengeneza fuwele ngumu zinazolifanya gimba zima kuwa gumu. Kwa kipimo cha Brinell, risasi tupu ina ugumu wa takriban 5. Vipande vya kubalansi magurudumu, vyenye antimoni asilimia tatu au nne, bati kama nusu asilimia na chembe za aseniki, hufika 11 hivi. Ukivisubu vichwa kutokana navyo na kuvidondosha vikiwa bado vya moto ndani ya ndoo ya maji, baada ya siku kadhaa ugumu wake unaweza kukaribia 20, kwa sababu antimoni inazuiwa isijitenge upesi na aseniki hulikuza badiliko hilo. Mchanganyiko wa risasi na bati peke yake haufanyi hivyo hata uuzamishe barafuni. Ukifanya kazi ya maji, ndoo iwe mbali na chungu na chini yake, maana tone moja likirukia madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja na kurusha risasi ya moto usoni.

Kwa hiyo tenganisha vyungu vyako. Goroli ya gumegume inatakiwa iwe risasi laini kabisa, kwa kuwa kitambaa lazima kijichore ndani yake na kuishika pale inaposhindiliwa kufuata mifuo ya mtutu, yaani ile michirizi ya ndani inayoizungusha goroli. Kwa vichwa vya .45-70 vya kulengea shabaha kwa mwendo wa wastani, sehemu 20 za risasi kwa sehemu moja ya bati ni mchanganyiko wa tangu karne ya 19, wenye ugumu wa takriban 10 (bati hapa limepita asilimia mbili kwa ajili ya ugumu huo), na unajaza kalibu vizuri sana.

Mizani yako pia inaweza kukuonyesha kilichomo chunguni. Goroli ya inchi 0.490 ya risasi tupu ina uzito wa gramu 11.4 hivi. Ikiwa imejaa vizuri, haina tundu, na bado inapungua kwa theluthi ya gramu, basi ndani yake kuna antimoni au bati la kutosha, kwa kuwa metali hizo ni nyepesi kuliko risasi.

Shabaha_Magharibi

Mimi niko California, na huku tangu Julai 2019 hairuhusiwi kuwinda mnyama yeyote kwa risasi yenye madini ya risasi, kwa hiyo nasubu kwa ajili ya uwanja wa shabaha tu. Sikubaliani sana na habari ya ulaini. Kichwa laini hupaka risasi ndani ya mtutu, na kuikwangua ni kazi ya jioni nzima. Kama unaweza kupata madini ya matbaa, yale ya linotaipu (mashine ya zamani ya kusubia mistari ya herufi), tumia hayo kwa kila kitu. Vichwa hutoka vinang'aa na vina kingo kali bila kuhangaika na joto.

Fundi_Kalibu

Ndugu Shabaha, kichwa kigumu kuliko shinikizo la baruti linalokisukuma nacho hupaka mtutu, na mara nyingi zaidi. Kitako kisipotanuka kuziba mtutu, gesi ya moto hupenya pembeni, huyeyusha ubavu wa kichwa na kuipaka risasi hiyo mbele yake. Claude-Étienne Minié wa Ufaransa alilijenga jambo hili ndani ya kichwa chake chenye kitako cha shimo katikati ya karne ya 19: kilishuka mtutuni kwa urahisi kwa kuwa kilikuwa chembamba kidogo, kisha baruti ikakitanua kikashika mifuo. Kwa madini ya linotaipu kitako hicho hakitanuki ipasavyo, na kichwa kinatoka bila kujizungusha. Unachosema kuhusu kingo kali ni kweli, lakini sababu yake sio ugumu.

Mpiga_Chapa_Mstaafu

Vijana, linotaipu imetajwa, nami niliifanyia kazi miaka mingi katika matbaa moja ya Dar es Salaam kabla ya kompyuta kuja kuzitoa mashine zile. Sijawahi kusubu kichwa cha bunduki maishani, ila mistari ya herufi nimesubu mpaka nimechoka, na madini ni hayohayo.

Mashine ile, aliyoibuni Ottmar Mergenthaler na kuanza kutumika katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, ilikuwa na chungu chake chenyewe ubavuni, na kila mstari wa habari ulisubiwa hapo hapo mbele ya mpigaji. Madini yake yalikuwa risasi asilimia 84, antimoni asilimia 12 na bati asilimia 4. Uwiano huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Michanganyiko mingi ya metali hizi huanza kuganda kwenye joto fulani na kumaliza kuganda kwenye joto la chini zaidi, na katikati yake huwa nusu maji nusu kigumu. Huu wa linotaipu hugandia karibu wote kwa pamoja, kwenye nyuzi 240 hivi. Sisi tuliweka chungu kwenye nyuzi 285 tu, na herufi ilitoka na mkia wake mwembamba ukiwa mzima, kwa sababu madini yalibaki kuwa maji hadi nukta ya mwisho, kisha yakaganda yote. Hiyo ndiyo sababu ya kingo kali anazozisema ndugu wa California.

Wapo wanaosema madini ya herufi hutanuka yanapoganda. Antimoni tupu ni kweli hutanuka, kama maji yanavyotanuka yakiwa barafu, lakini ikiwa asilimia 12 tu ndani ya risasi, kinachotokea ni kwamba gimba zima husinyaa kidogo kuliko risasi tupu. Kwenu maana yake ni kwamba kalibu ileile itawapa kichwa kinene kidogo na chepesi zaidi mkitumia madini yetu. Goroli ya gumegume iliyobanwa na kitambaa haitavumilia unene huo, na nadhani hapo ndipo ndugu muulizaji alipokwamia na vile vipande vya magurudumu, ingawa vyenyewe vina antimoni kidogo.

Jambo jingine ni kwamba madini ya matbaa hayafanani yote. Herufi za kupanga kwa mkono zilikuwa ngumu kuliko mistari ya linotaipu, zenye bati na antimoni nyingi zaidi, na mabamba ya stereo, yale ya kuchapia ukurasa mzima, yalikuwa na uwiano wake mwingine. Hata mistari yenyewe, ikiyeyushwa tena na tena, hupoteza bati na antimoni ndani ya taka za juu. Ndiyo maana kila baada ya muda sampuli ilipelekwa kupimwa, kisha tukaongezewa mikuo yenye bati na antimoni nyingi ili uwiano urudi. Shehena ya mwisho iliyobaki baada ya matbaa kufungwa huenda ilikwisha kuchoka zamani.

Kama mtu ameyapata yakiwa mazima, ushauri wangu ni kuyatumia kama kitoweo. Kilo moja ya linotaipu ndani ya kilo tatu za risasi laini inakupa antimoni asilimia tatu na bati asilimia moja, ambayo, nikimsikiliza Fundi, ndiyo ile ya magurudumu ikiwa na bati la ziada.

Mwalimu_wa_Kemia_Mombasa

Shikamoo mzee, na pongezi kwa maelezo. Naomba niongeze yanayohusu chanzo cha madini, kwa sababu wakati wote tumezungumzia kilichomo chunguni kwa kukusudia na kuacha kinachoingia bila kualikwa.

Betri za magari ndizo zinazomjia mtu mawazoni kwanza, kwa kuwa zina risasi nyingi na antimoni pia. Tafadhali msiziguse. Sahani za betri za siku hizi zina kalisi, nyingine zina antimoni na aseniki, na zote zimelowa asidi ya salfa. Taka za juu za mchanganyiko wa namna hiyo zikikutana na unyevu zinaweza kutoa gesi za asini na stibini, ambazo ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo. Kwetu hapa Mombasa mtaa wa Owino Uhuru unafahamika kwa ajili ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kando ya nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya wakazi, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Watoto wa mtaa huo walioathirika kwa risasi hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda. Risasi iliwafikia kwa moshi, vumbi, udongo na maji.

Kwa anayesubu nyumbani, mvuke wa risasi kwenye joto mlilolitaja ni mdogo, na hatari kubwa zaidi iko kwenye zile taka za kijivu mnazochota. Ni oksidi, ni nyepesi, hupeperuka, hukaa kwenye nguo na chini ya kucha, kisha huingia mdomoni pamoja na chakula. Zihifadhi katika kopo lenye kifuniko. Fanyeni kazi nje au penye hewa inayopita, chungu cha kuyeyushia kisirudi jikoni kamwe, nguo zifuliwe peke yake, na mtoto au mjamzito asikae karibu. Kipimo cha damu kinaonyesha kiwango cha risasi mwilini, nami ningependa kila anayeifanya kazi hii mara kwa mara akipate.

Kuhusu mabomba ya zamani: yakatwe, yakaushwe, na yatiwe chunguni kabla moto haujawashwa, yasitiwe juu ya madini yaliyokwisha kuyeyuka. Maungio yake yana lehemu, kwa hiyo bomba lenye maungio mengi lina bati tayari.

Gumegume_wa_Pennsylvania

Shikamoo mzee Mpiga Chapa, na ahsanteni wote. Nimeosha kalibu ya goroli, nikaipasha moto kama Fundi alivyoeleza, na kwa risasi ya mabomba peke yake goroli sasa zinatoka laini na nyororo, na mdeki unazishusha bila kulazimisha. Maungio ya mabomba nimeyakata na kuyatenga kwa ajili ya vichwa virefu.

Limebaki hilo la magurudumu. Chungu cha mchanganyiko ule kina kitu cha ajabu: juu kuna ganda lenye mabonge kama uji uliokatika, nimekoroga kwa unga wa mbao na bado halishuki, na vitako vya vichwa haviji na kingo hata kalibu ikiwa ya moto sana. Je, ni bati limeungua au ni kitu kingine?

Fundi_Kalibu

Hilo ni zinki, karibu kwa hakika. Ulaya ilizuia vipande vya risasi kwenye magurudumu ya magari madogo mwaka 2005, na majimbo kadhaa ya Marekani yakafuata, kwa hiyo ndoo ya gereji ya leo ni mchanganyiko wa risasi, zinki na chuma. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419. Ungeliweka chungu chini ya nyuzi 370 wakati wa kuyeyusha vipande hivyo kwa mara ya kwanza, risasi ingeyeyuka na zinki ingeelea ikiwa nzima, ukaiopoa kwa upawa wenye matundu. Ikishayeyuka ndani, kiasi kidogo tu kinatosha kuufanya mkondo uwe mzito, na hakuna bati litakaloiondoa dosari hiyo.

Kwa vilivyobaki kwenye ndoo, vipange kabla ya kuwasha moto. Vingi vimechorwa Zn (zinki) au Fe (chuma). Visivyo na alama vibane kwa koleo ya kukatia: risasi hukatika kwa urahisi, zinki humenyeka kidogo na kugoma. Ukiwa bado na shaka, tone la asidi ya haidrokloriki juu ya sehemu iliyokwanguliwa litatoa mapovu mengi kwenye zinki na karibu kutofanya chochote kwenye risasi. Fanya hivyo nje, ukiwa na miwani na glavu.

Chungu kilichokwisha kuchafuka kimimine kuwa mikuo, uipige alama isije ikachanganyika na mingine, kisha iuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu au mpe mpiga mbizi akatengenezee uzito wa mkanda. Chungu chenyewe kikwangue mpaka chini kabla hujatia ile risasi ya maungio.